Mstafeli wa baridi: kwa nini mti wako unachanua na hauzai

Sisi tunauza mboga na miche ya mstafeli wa baridi, na kila mwaka ikifika Juni, simu zinaanza. "Dada, ule mti mlioniuzia umechanua vizuri sana mwezi wa nne, nimehesabu maua mpaka nikachoka. Leo naangalia, hata kitunda kimoja hakuna. Mmeniuzia dume?"

Hatujauza dume. Mti huu hauna dume wala jike kama mpapai. Kila ua lina vyote viwili, na bado mti mmoja uliosimama peke yake unaweza kuchanua miaka kumi bila kukupa kitu cha kuweka mdomoni. Tumeshaeleza kwa simu mara nyingi, tumeeleza sokoni Jumamosi huku mtu mwingine anasubiri fungu lake la lengalenga. Sasa tunaandika, ili wateja wetu wa hapa Kentucky na wale wa Ohio na Indiana wapate maelezo yote pamoja.

Tuanze na jina, maana linachanganya. Wenyeji huuandika pawpaw, na wakiutamka, masikio yetu yanasikia "popo". Mzee mmoja kutoka Uvira alituuliza, bila hata kutabasamu, kama popo hao tunawauza wazima au wamekaushwa. Aliyesoma Kiingereza Dar es Salaam au Nairobi naye anapotea kwa njia yake, kwa sababu kule pawpaw ni papai. Hili si papai na hayana undugu. Ndugu zake ni stafeli na topetope, lile ambalo wengine huliita tomoko, na hata mlangilangi, ule ambao maua yake akina mama wa Unguja huyatia kwenye kikuba. Ukoo wote huo ni wa nchi za joto. Jamaa wa mti huu ndio waliozoea kukaa sehemu za baridi za Amerika ya Kaskazini, na huu wenyewe, Asimina triloba kwa jina la kitaalamu, ndio uliofika mbali zaidi kaskazini, mpaka kusini mwa Ontario, Kanada. Unavumilia baridi ya hadi kama nyuzi 28 za Selsiasi chini ya sifuri. Majani yanapukutika, mti unabaki vijiti vitupu, theluji inaufunika, na Aprili unaamka. Ndiyo maana sisi tunauita mstafeli wa baridi, na wateja wameshalizoea jina hilo.

Mimi nimekulia Muheza, nyumba yenye mistafeli miwili nyuma ya jiko. Nilipofika huku nilijaribu kuotesha stafeli la kweli ndani ya ndoo, nikaliingiza sebuleni majira ya baridi, nikalipa dirisha zuri kuliko watoto. Likafa Januari. Miaka miwili baadaye jirani yetu, mzee mwenye shamba kando ya mto, alitupa mfuko wa karatasi wenye matunda ya kijani yenye madoa meusi, mengine yamebonyea. Tukayaweka kwenye gari tukijua tumepewa vitu vibovu kwa adabu. Kabla hatujafika nyumbani gari zima lilikuwa linanukia kama duka la matunda la Tanga mchana wa jua.

Watu hutuuliza ladha yake ikoje. Nyama yake ni ya manjano, laini, haina nyuzi, inakaa kijikoni kama kastadi. Ukionja mara ya kwanza unasema ndizi mbivu. Ukimeza unasema embe. Halafu kwa nyuma kuna kitu kama nanasi lililoiva mno. Lakini usitarajie ule ukali wa stafeli unaokufanya ufumbe jicho moja, maana tunda hili halina uchachu kabisa. Mama mkwe wangu alisema limekosa akili, akakamulia ndimu na kutia chumvi chembe, na nakiri alikuwa na haki. Lililopitiliza kuiva huacha uchungu kidogo kooni, na yale ya porini hayatabiriki: mti huu una asali, ule wa pembeni una ladha ya dawa.

Kulila ni kulikata katikati na kuchota kwa kijiko. Ganda usile. Kokwa ni kubwa, za kahawia iliyokoza, zimepangwa safu mbili kama maharage, na usizitafune hata kidogo kwa sababu zina sumu. Mara ya kwanza kula vijiko viwili vitatu tu, subiri mpaka kesho, kwa kuwa wapo ambao tumbo lao hulikataa. Usilikaushe pia. Nyama yake ikikaushwa imeshawatapisha wengi. Ukitaka kuihifadhi, toa kokwa, ponda, gandisha kwenye friza, kisha utengeneze aiskrimu au juisi ya maziwa.

Kuna jambo jingine ambalo muuza miche angeweza kulinyamazia. Matunda ya ukoo huu, stafeli likiwemo, yana kemikali iitwayo anonasini, ambayo ikiwa nyingi hudhuru chembe za neva. Utafiti uliofanyika kisiwa cha Guadeloupe ulihusisha ulaji wa muda mrefu wa stafeli na chai ya majani yake na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson. Msimu wa tunda hili ni wiki chache tu, mwisho wa Agosti hadi Septemba, na kula machache msimu unapofika ni jambo ambalo watu wa huku wamelifanya tangu enzi za wenyeji wa asili. Ila ukiwa na mgonjwa wa neva nyumbani, muulize daktari wake kwanza. Na wale wanaotuomba majani wakachemshe chai, jibu letu ni hapana, hata mkituongeza bei.

Turudi kwenye maua. Ua la mti huu linatoka kabla ya majani, rangi ya damu ya mzee, limeinamisha uso chini kama bi harusi. Linaanza likiwa jike: sehemu ya katikati inang'aa, ya kijani, inanata, tayari kupokea chavua. Siku chache baadaye sehemu hiyo inakauka, na hapo ndipo kile kidonge cha ndani kinageuka kahawia na kuachia chavua. Kwa hiyo ua haliwezi kujichavusha, wakati wa kupokea umeshapita. Utasema basi ua moja limpe jirani yake wa tawi la pili. Mara nyingi nayo haitoshi, kwa sababu mti huikataa chavua yake mwenyewe na ya mti wenye damu ileile. Unataka ya mgeni.

Hapa ndipo wateja wengi hukwama hata baada ya kununua miti miwili. Bwana mmoja alichimba machipukizi mawili kwenye kichaka kimoja kando ya mto, akayapanda yakashika, yakakua, yakachanua, na hayakuzaa kitu. Mti huu unatoa machipukizi kutoka kwenye mizizi, na kichaka kizima cha shina hamsini kinaweza kuwa mti mmoja tu unaojirudia. Alikuwa amejipandia pacha. Miche miwili ya kubebesha, yaani kijiti cha mti bora kilichoungwa juu ya shina la mche mwingine, ikiwa ya aina moja nayo ni pacha vilevile. Nunua aina mbili tofauti, au mche mmoja wa kubebesha na mmoja wa kokwa, na uipande karibu, isizidi hatua kumi na mbili hivi.

Kisha kuna suala la mchavushaji. Nyuki hawalipendi ua hili. Halina harufu nzuri, linanukia chachu na nyama iliyochacha kwa mbali, na wanaolifuata ni nzi na mbawakawa. Majira ya kuchanua huwa bado kuna baridi, na nzi ni wachache. Wapo wakulima wanaotundika nyama iliyooza kwenye matawi kuwaita. Sisi tuliwahi kutundika vichwa vya samaki ndani ya mfuko wa wavu, mradi ukafanya kazi vizuri sana, mpaka upepo ulipogeuka na jirani akaja kugonga mlango. Siku hizi tunatumia brashi ndogo ya rangi za maji. Unatafuta ua ambalo kidonge chake kimeshakuwa kahawia na kulegea, unaligongagonga juu ya kibakuli, vumbi la manjano linashuka. Unakwenda mti wa pili, unatafuta ua ambalo bado ni changa na katikati pananata, unapaka. Maua thelathini asubuhi moja yanatosha kwa mti mdogo. Usipake yote, kwa sababu ua moja linaweza kutoa kichane cha matunda kadhaa na tawi likapasuka Agosti.

Zipo sababu nyingine mbili za kukosa matunda, nazo hazina ufundi. Ya kwanza ni barafu ya ghafla mwishoni mwa Aprili inayochoma maua, na hiyo huwa tunasononeka pamoja. Ya pili ni haraka. Mche wa kokwa huchukua miaka mitano hadi minane kuzaa, wa kubebesha mitatu au minne. Aliyepanda mwaka juzi atulie.

Sasa kuhusu miche ya kuchimba porini, ambayo tunaona inauzwa pembeni ya barabara bei ya chai. Mti huu una mzizi mkuu mrefu, mnene, unaovunjika kama karoti, na nywele za mizizi chache mno. Chipukizi la kichakani mara nyingi halina hata mzizi wake, linanyonya kwa mama. Ukilichimba, linabaki na majani wiki mbili kwa heshima tu. Sisi tunaotesha kwenye vyungu virefu, karibu urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, ili mzizi ushuke bila kujikunja, na wakati wa kupanda tunakuomba uhamishe udongo wote bila kuupukuta.

Kivuli ni lazima miaka miwili ya mwanzo. Jua kali la Julai huua mche mdogo, kwa hiyo weka wavu wa kivuli au hata gunia juu ya fito nne. Baada ya hapo ondoa, upate jua lote, kwani mti wa kivulini hukua vizuri ila huzaa kiduchu. Udongo uwe unaopitisha maji, weka mboji na matandazo, mwagilia kila wiki mvua ikikosekana. Kulungu hawali majani yake. Mkiona viwavi, msinyunyizie dawa: ni watoto wa kipepeo mwenye mistari ya pundamilia, ambaye viwavi wake huishi kwa majani ya jamii ya mti huu tu.

Aina tunazobebesha ni nne. Shenandoah na Susquehanna zilichaguliwa na Neal Peterson, mtu aliyetumia miaka mingi kukusanya na kulinganisha miti bora, akazipa aina zake majina ya mito. Shenandoah ni ya upole, kokwa chache, nzuri kwa anayeanza. Susquehanna ina matunda makubwa, matamu mpaka yanachosha. Mbili nyingine zimetoka hapa jirani, Chuo Kikuu cha Jimbo la Kentucky kilichoko Frankfort, ambacho kimefanya utafiti wa mti huu tangu 1990 na ndicho kinachotunza hazina ya taifa ya aina zake. Atwood ilitolewa 2009, inazaa kwa wingi, na imepewa jina la Rufus Atwood, aliyekiongoza chuo hicho kwa zaidi ya miaka thelathini. Chuo chenyewe kilianzishwa 1886 kwa ajili ya Waafrika wa Marekani, na mimi kila nikiuza mche huo husema hilo, mteja akipenda asipende. Ya mwisho ni KSU-Chappell (KSU ni kifupi cha jina la chuo hicho kwa Kiingereza), ya 2018, inakua haraka kuliko wenzake.

Wengi huuliza kama wanaweza kutuma kokwa nyumbani. Muheza au Uvira hazitafaa, mti unahitaji majira ya baridi ili ulale, na usipolala hauamki vizuri. Wenye shamba sehemu za juu za Njombe na Makete wanaweza kuota ndoto hiyo, ila mbegu kuvuka mpaka kuna sheria na vibali, na sisi hatutumi.

Kwa nini hulioni tunda hili dukani? Likishaiva linakaa mezani siku mbili au tatu, basi. Likichumwa linapoanza kulainika linaweza kufika wiki tatu kwenye friji, lakini likichumwa gumu haliivi. Rangi haikuambii kitu. Libonyeze kama parachichi, na ukitikisa tawi likidondoka lenyewe, ndilo. Ndiyo maana kabla ya kununua mche tunakushauri uonje kwanza, maana miaka minne ya kusubiri tunda usilolipenda ni mingi.

Kuonja ni Jumamosi zote za Septemba pale pale tunapouzia mboga, bure, mpaka yaishe, na huwa yanaisha kabla ya saa tano. Miche hutoka mwishoni mwa Aprili na tena Oktoba: ya kubebesha dola 40, ya kokwa dola 15. Ukinunua miwili ya aina tofauti, brashi tunakupa na tunakuonyesha namna ya kuitumia. Waliokwisha kununua mmoja kwetu na hauzai, njooni Aprili na ua moja moja kwenye kikopo, tutabadilishana chavua bila malipo.

Kokwa za matunda mtakayoonja tunaomba mzitemee kwenye ndoo yenye mchanga mbichi iliyo mezani, msiondoke nazo mfukoni. Kokwa ikikauka imekufa. Zetu zinalala kwenye friji miezi mitatu hadi minne ndani ya ukoka wenye unyevu, kwenye rafu ya chini kabisa, na mume wangu ameshawahi kuzikaanga.