Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Malori ya Magogo ya Tabora

Wazee wetu, mama zetu, vijana wa gereji na ndugu wanachama wote wa Tabora mjini, Sikonge, Urambo na Kaliua, mwangaluka.

Katiba yetu inanitaka nieleze kila mwaka chama chetu cha kutunza malori ya zamani ya magogo kimefanya nini na fedha zenu zimekwenda wapi. Hesabu zitasomwa na mweka hazina, na wakaguzi wameshazipitia; mwenye swali ampelekee mapema ili jibu lije na risiti. Mimi nafasi hii nitaitumia kwa jambo lililoikalisha kamati mwaka mzima, na ambalo ninyi ndio wenye kulikata: tukiwa na fedha kidogo, ziende kwenye chuma au ziende kwa wazee wanaokijua hicho chuma? Msimamo wangu nausema mapema. Ziende kwa wazee kwanza.

Nianze na lori letu la Bedford, maana ndilo ninaloulizwa kila nikipita sokoni.

Lori letu ni lile la pua, aina ya TJ, ambayo Waingereza walianza kuitoa 1958. Injini yake ni ya dizeli, silinda 6, ile ya inchi za ujazo 330. Tulilikuta uani kwa mwanachama, chini ya mwembe, matairi yameoza na nyuki wamehamia nyuma ya kiti cha dereva. Kwa watu wa Tabora nyuki si tatizo. Mfugaji alikuja usiku na moshi wake, akawahamishia mzingani, na asali wakagawana wenye uwanja. Tulipoling'oa zulia la majani na kinyesi cha kuku juu ya bodi, mbao za chini zilikuwa na madoa mekundu yaliyokolea hadi kuwa meusi. Ni utomvu wa mninga. Mti huo ukikatwa hutoa maji mekundu kama damu, na yakishaingia kwenye mbao hayatoki. Kamati imeamua bodi hiyo isipigwe randa wala rangi. Ndiyo hati ya kazi ya lori lile.

Pistoni zilikuwa zimeganda. Vijana walimimina dizeli iliyochanganywa na oili juu ya kila silinda, wakaacha, wakarudia, kisha wakawa wanaibembeleza injini kwa spana kwenye puli ya mbele, kidogo kidogo, mpaka ikakubali kuzunguka. Gasketi walizikata wenyewe. Pampu ya maji ilikerezwa upya hapa hapa mjini. Spea nyingine tulizipata Dar es Salaam, na baadhi zilitengenezwa Pakistan, ambako Bedford bado zinapiga kazi. Walipomaliza kublidi dizeli, yaani kutoa hewa kwenye njia yake, povu likaisha kwenye bomba, wakapiga stata. Iliwaka kwa moshi mweupe uliofunika ua mzima, na mama mwenye nyumba akakimbia kuanua nguo.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Dereva wetu mmoja wa zamani, ambaye macho yamemwishia, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na ukuta. Injini haijatulia hata dakika moja, akasema, "Silinda ya tatu hailipi." Fundi kijana akachukua spana, akawa analegeza nati ya bomba la nozeli (inayopuliza dizeli kwenye silinda) moja baada ya nyingine. Ukilegeza ya silinda inayofanya kazi, injini inalegea na mlio unabadilika. Ukilegeza ya silinda iliyokufa, hakuna kinachobadilika. Ya kwanza ilibadilika, ya pili ikabadilika. Ya tatu, kimya. Nozeli ilikuwa imeziba. Mzee aliijua kwa sikio, kutoka mbali, bila kuona. Nozeli mpya inanunuliwa dukani. Sikio lile haliuzwi, na mwaka huu tumewazika wazee wawili waliokuwa nalo. Majina yao yatasomwa mkutanoni, tusimame kuwakumbuka.

Lori halijawa tayari kwa barabara. Masta silinda ya breki inavuja, na bila breki halitatoka getini, hata kama kuna mwanachama ana harusi ya mwanawe na anataka kulipanda. Nimeombwa mara nyingi na jibu langu ni hilo hilo.

Kurekodi wazee

Kazi ya kurekodi ilianza kwa simu ya katibu, bila bajeti. Tuliwauliza madereva, matingo, mafundi, na pia akina mama waliopika kambini, kwa sababu wao ndio walijua nani alichelewa kurudi na kwa nini. Nimezisikiliza rekodi zote. Naomba niwape kionjo kimoja, cha namna gogo lilivyopandishwa kabla ya winchi, mashine ya kuvutia mizigo, kufika porini.

Lori lilisimamishwa mahali ardhi imeinamia upande mmoja kidogo, upande wa kupakilia ukiwa juu. Fito mbili nene ziliegemezwa kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi. Kamba ndefu au mnyororo ulifungwa kwenye lori, ukapita chini ya gogo, ukazunguka juu yake na kurudi upande wa pili wa lori, ambako kundi la wanaume lilivuta. Gogo likawa linabingirika lenyewe juu ya fito. Wawili walibaki chini na mitaimbo, wakifuata kila nusu mzunguko na kabari. Kazi ya hao wawili ndiyo iliyokuwa ya hatari. Kamba ikikatika, gogo linarudi kwao. Mninga mkavu una uzito wa kilo 600 hivi kwa meta moja ya ujazo, na gogo bichi linazidi hapo sana. Mmoja wa wazee wetu anatembelea gongo kwa sababu ya kabari iliyoteleza, na alitusimulia bila kumlaumu mtu.

Kuna mambo ambayo hakuna kitabu cha matengenezo kitakachokuambia. Kwamba kwenye udongo wa mbuga, mvua ikishanyesha kuanzia Novemba, utingo alishuka na kutembea mbele ya lori akipima tope kwa mti. Kwamba adui mkubwa wa tairi porini ni kisiki cha mti mdogo uliokatwa kwa mshazari, hivyo waliofungua njia walipaswa kukata vichaka usawa wa ardhi. Kwamba usiku dereva alilala chini ya lori, si ndani, kwa sababu kabini ya bati inageuka jokofu Juni na Julai.

Wazee wa Urambo walituongezea jambo. Baba zao ndio waliojifunza ufundi wa mashine kubwa kwenye ule mpango wa karanga wa Waingereza, uliovunjika 1951, ambapo hata vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea miti. Karanga zilishindikana, ila ufundi ulibaki mikononi mwa watu, ukarithishwa. Wengine waliacha magogo miaka ya sitini na kwenda kuendesha malori ya Fiat 682 kwenye njia ya Zambia, Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi 1965 na shaba na mafuta vikalazimika kupita kwetu.

Malori ya wenzetu

Kikao kilichohudhuriwa zaidi kilikuwa kile cha malori ya magogo ya pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada. Nakitaja kwa sababu kiliwagusa wazee kuliko nilivyotegemea. Walioneshwa picha za malori ya Hayes na Pacific, yaliyotengenezwa Vancouver, Kanada. Kampuni ya Pacific ilianzishwa 1947 na watu waliotoka Hayes, na Hayes yenyewe ikafungwa 1975. Waliambiwa pia kwamba kampuni ya malori ya Peterbilt ya Marekani ilizaliwa 1939 kwa sababu mfanyabiashara wa mbao wa Tacoma, T. A. Peterman, alihitaji malori ya kubeba magogo yake mwenyewe.

Hayo makubwa ya porini ni mapana kiasi kwamba hayaruhusiwi barabara za umma. Yana tangi la maji ya kupoozea breki, kwa kuwa kazi yao ni kushuka milima na mzigo mzito. Yakirudi matupu, trela hupandishwa mgongoni mwa lori.

Wazee walijadili hadi giza likaingia. Hoja yao ilikuwa hii, nami naiona sahihi: lori hujengwa na nchi linamopita. Kule miti ni mirefu mno na milima ni mikali, basi akili yote imeingia kwenye breki na trela. Kwetu uwanda ni tambarare, gogo safi la mninga mara nyingi ni la meta chache tu, hivyo lori la kawaida lilitosha. Akili yetu iliingia kwenye springi, matairi na kujinasua kwenye tope. Wapo vijana wanaodharau Bedford wakiliona dogo mbele ya Pacific. Waketi na wazee.

Jambo zito

Tumelaumiwa kwamba tunasherehekea ukataji wa misitu. Lawama hiyo naichukulia kwa uzito. Mninga unaokua leo hautakuwa wa kupasuliwa mpaka wajukuu wetu wazeeke, na mabani ya kukaushia tumbaku nayo yamekula kuni nyingi za mkoa huu. Kwa hiyo kamati imeazimia, nami nawaomba muidhinishe, kwamba lori la chama halitabeba gogo hata moja, hata lenye leseni na hati ya kusafirishia, hata kwa picha. Kwenye kurekodi tumeongeza swali: mininga mikubwa ilisimama wapi? Majibu yanataja mito, vilima na kambi, na tutawapelekea maofisa wa misitu wa wilaya, wanaoweza kuyatumia kuchagua maeneo ya kuacha yajirudie.

Upande wa hasara, huko Kaliua lilikuwepo lori la Albion tuliloahidiwa kuliona. Tulipofika lilikuwa limekatwa vipande na wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwenye lori alikuwa na ada ya mtoto ya kulipa, na hakuna wa kumnyooshea kidole. Alitutunzia nembo ya mbele, yenye jua linalochomoza, alama ya kiwanda cha Glasgow kilichoanza 1899 na ambacho jina lake liliondolewa kwenye malori 1972. Nimeumia sana kulikosa lile lori. Lakini dereva wake yupo hai, na bado hatujamrekodi.

Ndiyo maana naleta pendekezo hili mbele yenu. Matairi ya Bedford yasubiri mwaka mwingine. Fedha hizo zinunue kinasa sauti kizuri, zilipe nauli ya vijana wawili kwenda Kaliua, Sikonge na Uvinza, na posho ya mzee kwa siku anayoacha shamba lake kuzungumza nasi. Breki za lori zitengenezwe kwa michango ya hiari, na mimi nimeshatoa wangu. Mnaopinga mna hoja ya haki, kwamba lori likikaa bila matairi vijana watachoka, na msemaji wenu amepewa nafasi ya kwanza kwenye ajenda kabla ya kura.

Nawashukuru katibu na mafundi, na mama mwenye ua kwa uvumilivu.

Siku ya mkutano, kila mwenye picha ya zamani, leseni ya dereva iliyokunjika, au daftari la safari aje nalo. Katibu atakaa mlangoni na mashine ya kunakili, na kila kitu kitarudi mkononi mwa mwenyewe kabla ya chakula cha mchana.

Mwenyekiti