Malazi ya London kabla na baada ya ziara

Habari zenu wasafiri. Ziara inaanzia London, kwa hiyo fikeni siku moja kabla. Ndege ikichelewa, basi la ziara halisubiri. Ndege za usiku kutoka Nairobi hutua uwanja wa ndege wa Heathrow asubuhi mapema, ilhali hoteli nyingi hutoa vyumba kuanzia saa 9 alasiri. Ulizeni kama mtaweza kuacha mabegi mapokezi. Mtaa ninaoupendekeza ni Paddington: treni ya Elizabeth line inafika pale moja kwa moja kutoka Heathrow, kama nusu saa. Ila hoteli nyingi za pale ni nyumba za zamani, ngazi nyembamba, nyingine hazina lifti. Mnaokuja na wazazi, ombeni chumba cha chini kabla ya kulipa. Usiku wa mwisho, mwenye ndege ya asubuhi alale Heathrow, karibu na terminali yake.