Feni ya maji si kiyoyozi: kabla ya kuinunua Kigoma, uliza mtungi wako

Kila mwaka ifikapo Agosti, vumbi jekundu likiwa limetanda kando ya barabara iendayo Ujiji na mabati yakiwaka kwa jua la saa saba mchana, wateja huanza kuingia dukani kwetu Mwanga, hapa mjini Kigoma, wakiwa na simu mkononi. Wanatuonyesha video ya kifaa chenye tangi la maji chini na feni juu, ambacho hapa mjini wengi hukiita feni ya maji, na wanataka kujua kama tunacho na kama kweli kinapoza chumba kwa umeme kidogo hivyo. Tunacho, na kweli kinatumia umeme kidogo: kifaa cha kawaida cha chumbani hula wati 100 hadi 200, wakati kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hula wati 800 au zaidi kompresa ikiwa inafanya kazi kwa nguvu. Hata hivyo hatutaji bei kabla ya kuuliza kifaa kitatumika miezi gani na chumba gani, kwa sababu kifaa hicho hicho kinachomfurahisha mteja wa Agosti humkera mteja wa Novemba, na sisi tungependa wote wawili waendelee kutuamini.

Nyingi ya video hizo hutoka katika nchi za jangwa. Mfano mzuri wa mazingira hayo ni Lake Havasu City, mji wa mapumziko ulioko kando ya ziwa katika jimbo la Arizona, Marekani. Ukiusikia ukielezwa, unaweza kudhani ni ndugu wa Kigoma: maji ya buluu, milima mikavu, boti, mahoteli yanayotazama ziwani, na jua lisilo na huruma. Joto lao, hata hivyo, ni la namna nyingine kabisa. Tarehe 29 Juni 1994 kipimajoto cha mji huo kilifika nyuzi 53.3 za Selsiasi, ambayo ni rekodi ya jimbo zima la Arizona. Mvua yao ya mwaka mzima haifiki milimita 150, wakati sisi hapa hupata karibu milimita 1,000. Ziwa lenyewe lilitokana na bwawa la Parker, lililokamilika mwaka 1938 kwenye Mto Colorado, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 80 tu katikati ya jangwa kubwa, kwa hiyo haliwezi kuibadilisha hewa ya nchi yote inayolizunguka. Ziwa letu, Tanganyika, lina kilomita za mraba zipatazo 32,900. Anayelala Kibirizi au Katonga analala kando ya maji mengi mno, na anaijua hewa yake inavyokuwa nzito mvua zinapoanza.

Tofauti hiyo ya ukavu ndiyo inayoamua kila kitu, na hakuna anayeieleza vizuri kuliko mtungi wa bibi. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini hutoa jasho taratibu kupitia kuta zake. Jasho lile linapokauka huchukua joto kutoka kwenye udongo na kwenye maji yaliyomo, na ndiyo maana maji ya mtungini mwezi wa Julai hukata kiu kuliko maji ya bomba. Mtungi huo huo, mwezi wa Desemba, hukaa umelowa nje bila kukauka, na maji yake huwa ya vuguvugu. Haujaharibika. Hewa imeshajaa unyevu, haina kiu ya kuyanywa maji yake. Feni ya maji ni mtungi uliowekewa feni: ndani yake mna pedi za karatasi ngumu zenye matundu kama sega la nyuki, pampu ndogo huzilowesha, na hewa inayopita katikati yake hupoa kwa kadiri inavyoweza kuyakausha maji hayo.

Tuweke hesabu mezani. Hewa ya jangwani yenye nyuzi 43 na unyevu wa asilimia 10 inaweza kushushwa na kifaa kizuri hadi karibu nyuzi 25, jambo ambalo kwa mtu aliyetoka juani ni kama kuingia nyumba nyingine. Hapa kwetu, alasiri ya kiangazi yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 45, kifaa hicho kinaweza kutoa hewa ya nyuzi 24 hivi. Hiyo ni nafuu halisi na tunaiuza kwa moyo mweupe. Lakini siku ya masika yenye nyuzi 29 na unyevu wa asilimia 80, hata kifaa kisicho na kasoro yoyote hakiwezi kuishusha hewa zaidi ya nyuzi tatu, na unyevu kinaouongeza humfanya mtu ahisi joto zaidi, kwa sababu jasho la mwili nalo hupoza kwa njia ile ile ya mtungi. Huko Arizona kwenyewe, zikija mvua za msimu kati ya Julai na Septemba, vipoza hewa vya maji hulegea, na wenye nyumba wenye uwezo huwasha viyoyozi.

Tulilijifunza jambo hili kwa kumwumiza mteja, na hatupendi kulificha. Miaka ya mwanzo ya duka, mama mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni karibu na ziwa alinunua kwetu feni mbili za maji mwishoni mwa Oktoba. Hatukumwuliza chochote, tulipokea fedha na kumbebea mizigo hadi kwenye bajaji. Baada ya wiki tatu alitupigia simu, na fundi wetu alipofika alikuta madirisha yamefungwa kabisa, kama inavyofanywa penye kiyoyozi. Pazia lilikuwa limeshikana na kioo kwa unyevu, mlango wa mbao umevimba haufungi, na alipoinua godoro alikuta madoa meusi ya ukungu upande wa chini, ukubwa wa kiganja, yakianza kuenea kuelekea ukutani. Mama yule hakupandisha sauti. Alisema tu, «Mwanangu, wageni wangu wanalala kwenye shuka mbichi.» Tulizirudisha feni zote mbili, tukamrudishia fedha yake, na tangu siku hiyo hatuuzi kifaa hiki bila kupima kwanza.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na hata wewe unaweza kukifanya nyumbani. Tunakuja na vipimajoto viwili vinavyolingana. Kimoja tunakiacha kikavu. Ncha ya kingine tunaifunga kitambaa chembamba cha pamba kilicholowa, kisha tunavipepea vyote viwili kwa feni ya kawaida kwa muda wa dakika tano. Kile chenye kitambaa kitasoma chini zaidi, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kikomo ambacho feni yoyote ya maji, ya bei yoyote, haiwezi kukivuka mahali hapo na saa hiyo. Tofauti ikiwa nyuzi saba au nane, tunakushauri ununue. Ikiwa chini ya nyuzi nne, tunakuomba usinunue kwa ajili ya miezi hiyo. Ndani ya manispaa kipimo hiki hakina malipo. Wateja wetu wa Tabora, walio juu zaidi na mbali na ziwa, hupata tofauti kubwa zaidi mwezi wa Septemba, kwa hiyo kwao kifaa hiki hulipa kuliko kwetu.

Ukishainunua, dirisha lazima liwe wazi. Watu wengi hulisikia hili kwa mashaka, kwa kuwa kiyoyozi kimewazoesha kufunga, lakini feni ya maji inahitaji hewa kavu iingie nyuma yake na hewa yenye unyevu itoke upande wa pili. Ukiifungia ndani, kwa muda mfupi itakuwa inazungusha unyevu wake yenyewe. Iweke karibu na dirisha linaloelekea upepo. Mchana upepo hutoka ziwani kwa sababu nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na usiku hugeuka ukashuka kutoka vilimani kuelekea ziwani, hivyo mahali pazuri pa mchana huenda pasiwe pazuri pa usiku. Madirisha yawekewe wavu wa mbu ulio mzima, maana hatutaki mtu apate baridi kidogo na malaria juu yake.

Kuhusu barafu, tunaulizwa karibu kila siku. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka huchukua joto ambalo ni kama sehemu moja ya saba tu ya joto linalochukuliwa na lita moja ya maji ikikauka. Utahisi ubaridi kwa dakika chache karibu na feni, lakini friji iliyoigandisha barafu hiyo imekula umeme na kutoa joto lake ndani ya nyumba ile ile. Weka maji safi ya kawaida, na uhakikishe hayaishi.

Maji yenyewe yana jambo lake. Ziwa Tanganyika lina madini mengi yaliyoyeyuka, na maji yake yakikauka huacha ukoko mweupe, kama ule unaouona ndani ya birika la chai. Ukoko huo huziba matundu ya pedi na kuikaba pampu. Mwaga tangi lote mara moja kwa wiki badala ya kuongezea tu juu ya yale ya zamani, na kila mwezi loweka pedi kwenye maji yenye siki au ndimu, kisha suuza. Kwa bahati njema hatuna chumvi ya bahari inayotafuna mabati na viyoyozi vya wenzetu wa pwani. Adui wetu wa kiangazi ni vumbi, nalo hutoka kwa brashi laini.

Kwa masika, kama chumba kinakushinda kabisa, msaada wa kweli ni kiyoyozi, kwa sababu chenyewe huondoa unyevu na kuutoa nje kwa bomba. Lakini kabla hujafikia gharama hiyo, tazama juu. Nyumba ya bati isiyo na dari inapokea joto moja kwa moja kichwani, na tumeshuhudia vyumba ambavyo fedha ya kiyoyozi ilitosha kuweka dari, matundu ya hewa kwenye ncha za paa na feni nzuri ya darini, na mwenye nyumba akaridhika. Tukiona hali hiyo tutakwambia, hata kama duka halitauza kitu siku hiyo.

Ukitupigia, tuambie urefu na upana wa chumba, kama kina dari, dirisha linaelekea ziwani au mlimani, na ni watu wangapi hulala humo. Kwa wale ambao tayari wana feni ya maji na mvua za Oktoba zimeanza: mwaga maji yote, washa feni bila pampu kwa saa mbili hadi pedi zikauke kabisa, ifunike kwa shuka kuukuu badala ya nailoni ili isipate ukungu, na uiweke mahali pakavu hadi Juni.