Nyumba ya Kale na Vizingiti Vyake

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, mabega tu ndiyo yanalalamika kwa kazi ya kusukuma magurudumu, na hiyo kwako si habari mpya. Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu pale uliposema mzee mmoja wa kamati amekataa katakata marekebisho ya kuwafaa walemavu, kwa hoja kwamba nyumba ya kale mnayoitunza haikujengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu. Mjibu kwa adabu kwamba ni kweli kabisa. Wala haikujengwa kwa ajili ya nyaya za umeme, kamera za ulinzi, mitungi ya kuzimia moto, dirisha la tiketi wala choo cha kuvuta maji. Vyote vimeingia, kuta zimetobolewa, na sikusikia aliyesema historia imeharibiwa. Inaanza kuharibika pale tu mlemavu anapopiga hodi.

Umeniomba nikuandikie yale ambayo ningependa kamati iyajue kabla ya kikao. Nitayasema kama mgeni anayekuja na kiti chake, maana mafundi mnao.

Kwanza kabisa, ufuteni ule mpango wa "vijana wa getini watambeba". Najua umetoka kwenye moyo mzuri. Niliwahi kubebwa hivyo kwenye nyumba moja ya kale. Walinzi wawili waliniinua na kiti changu, mmoja akakamata sehemu ya kuegemeza mkono. Kwenye kiti changu sehemu hiyo huchomoka, imetengenezwa ichomoke ili niweze kuhamia kitandani. Basi ikachomoka, tukiwa katikati ya ngazi. Yule kijana akabaki ameishika mkononi anaitazama, mimi nimelalia upande mmoja nimeng'ang'ania shingo ya mwenzake, na nyuma yetu foleni nzima imesimama inatoa pole. Sikuumia. Lakini ukiniuliza leo mwongozaji alisema nini kuhusu nyumba ile, sina hata sentensi moja, kwa sababu muda wote nilikuwa nawaza nitashukaje. Na hapo kiti changu ni chepesi. Vile vya umeme vingine vinapita kilo 100 kabla mwenyewe hajakaa. Hao vijana wenu watavinyanyuaje?

Mzee akitaka historia, mpe historia. Franklin Roosevelt, yule aliyekuwa rais wa Marekani, aliugua polio mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 39, na miguu haikumrudia tena. Nyumba alimozaliwa mwaka 1882, kule Hyde Park katika jimbo la New York, ilikuwa ya ghorofa, ya watu wenye miguu. Ndani yake mlikuwa na lifti ndogo ya kupandishia masanduku ya safari. Akaifanya yake. Alikuwa anaingia na kiti, anashika kamba, anajivuta mwenyewe mpaka juu kwa nguvu za mikono. Na kiti chenyewe usidhani ni kile cha hospitali. Kilikuwa kiti cha kawaida cha nyumbani, chembamba, kisicho na mikono, kikafungwa magurudumu ili kipenye kwenye milango na kona za nyumba ya zamani. Mwisho wa miaka ya 1930 akajenga nyumba nyingine ndogo hukohuko, inaitwa Top Cottage, mchoro akausimamia mwenyewe, na milango yake akaifanya isiwe na vizingiti. Leo nyumba zote mbili zinapokea wageni kama nyumba za kihistoria, na ile lifti ya kamba ni miongoni mwa vitu watu wanavyokwenda kuvitazama. Yaani marekebisho ya mlemavu yamegeuka kuwa urithi wenyewe! Hata kwenu, ukichunguza vizuri, hutakosa bibi aliyeishiwa nguvu za miguu akahamishiwa chumba cha chini, au mtoto aliyezaliwa haoni. Ni nani amewahi kuwasimulia wageni habari zao?

Akisema nyumba yenu ni ya kale mno, mtajie Akropolisi ya Athens. Hekalu lake la Parthenon lina zaidi ya miaka 2,400, limekaa juu ya kilima cha mwamba mtupu, na bado Wagiriki waliweka lifti mwaka 2004, mwaka ambao mji huo ulikuwa mwenyeji wa Michezo ya Paralimpiki, ile ya wanamichezo wenye ulemavu. Ile lifti ikawa inaharibika kila mara, mpaka mwaka 2020 wakazindua nyingine. Hilo nalo likumbukeni. Lifti isiyo na fundi wa kuihudumia ni kabati tu lenye kitufe.

Kuna pia upande wa sheria, ila sitaki uingie nao kikaoni kama rungu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na ibara yake ya 30 inazungumzia utamaduni. Makumbusho, kumbi za sanaa na maktaba vinatajwa bila sharti. Maeneo na majengo ya kumbukumbu ya kitaifa ndiyo yamewekewa "kadiri inavyowezekana". Nyumba nyingi za kale hujificha humo. Lakini nyumba inayokata tiketi, yenye vitu vimepangwa na maelezo ukutani, imeshakuwa makumbusho, itake isitake. Hoja hiyo nakuachia uitumie utakapobanwa.

Sasa tuje kwenye kazi. Kitu msichohitaji kibali cha mtu kukifanya ni kusema ukweli. Nikipiga simu kuuliza kama nitaweza kuingia, nisiambiwe "karibu sana, tutakusaidia". Hilo halinisaidii kitu. Niambiwe mlango mkuu una ngazi tatu za sentimita 15 kila moja, mlango wa bustanini una kizingiti cha sentimita mbili, mlango mwembamba kuliko yote una upana wa sentimita 70, ghorofani hakufikiki kwa kiti, choo kipo au hakipo. Mimi najua upana wa kiti changu. Nitaamua nikiwa nyumbani kama safari ina faida, na nikija nitakuja najua nitakachokosa. Mwenye magongo naye ataamua kivyake, kwa sababu kuna anayepanda ngazi bila shida lakini hawezi kusimama dakika 40 akisikiliza hadithi ya kabati.

Kuhusu mteremko wa pale mlangoni, mwambie fundi wenu asikadirie kwa macho. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi zikiwa tatu za sentimita 15, kimo ni 45, kwa hiyo mteremko unataka mita 5.4. Watu husikia hivyo wakashtuka, maana walikuwa wamekwisha kutafuta ubao wa mita moja. Ubao wa mita moja kwa kimo hicho ni wa kunirudisha chini kinyumenyume. Pawe na ukingo pembeni gurudumu lisidondoke, na vishikio. Kule juu, kabla ya mlango, pawe na sehemu tambarare ya kama mita moja na nusu, kwa sababu siwezi kuvuta mlango kwa mkono mmoja huku mkono wa pili unazuia kiti kisiteremke. Uzuri ni kwamba kitu hicho kinaweza kutengenezwa kwa mbao au chuma kikakaa juu ya ngazi bila kuchimba jiwe lolote. Siku mkikiondoa, ngazi mtazikuta vilevile. Mlango uliobana nao una dawa, kuna bawaba za kupinda zinazouruhusu ufunguke mpaka ukae kando kabisa, na sentimita chache unazopata hapo mara nyingi ndizo zilizokuwa zinakosekana.

Mkiona mlango wa bustanini ni rahisi zaidi, mimi sina neno. Ila uwe mlango wa wageni wote. Kinachoudhi ni kuzungushwa peke yangu nyuma ya nyumba, nipite kwenye mapipa ya taka, nifike nikute pamefungwa na mwenye ufunguo ameenda kula.

Ghorofani hatutafika, tukubaliane. Msije mkanikalisha mbele ya televisheni mkaona mmemaliza. Picha za vyumba vya juu ni nzuri, zipigeni, lakini shusheni na kitu halisi kimoja viwili, kitanda cha mtoto labda, au kile kioo ulichonisimulia. Na mwongozaji abaki nami hata robo saa, maana hadithi za juu huwa ndizo tamu.

Wapo wengine ambao ngazi si tatizo lao. Asiyeona mkimpitisha vyumba vyote huku kamba zinamzuia, amelipa tiketi ya kusikiliza mtu anaongea. Kule Coupvray, Ufaransa, nyumba alimozaliwa Louis Braille mwaka 1809 ni makumbusho, na karakana ya baba yake, fundi wa kushona hatamu na vifaa vya farasi, imehifadhiwa. Humo ndimo mtoto alipojidunga jicho kwa chombo cha kutobolea ngozi, mwisho akapofuka macho yote mawili, kisha alipokua akawapa wenzake nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole. Uzito wa chombo kile unaeleweka zaidi mkononi kuliko kwenye maelezo. Nanyi tengeni vitu vya kushikwa, nakala au vile visivyoharibika, pamoja na kielelezo kidogo cha nyumba nzima cha kupapasa, ili mtu aelewe ameingilia wapi na yuko wapi. Wenye uoni hafifu wanapata taabu nyingine. Nyumba za kale hupunguza mwanga kwa makusudi, lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga) kwenye vitambaa na michoro ya karatasi, visipauke, halafu maelezo yanaandikwa kwa herufi ndogo za rangi ya kahawia. Chapisheni ya herufi kubwa, nyeusi kwenye karatasi nyeupe, wayachukue mkononi wakayasome dirishani.

Kwa viziwi, tafuteni siku za mkalimani wa lugha ya alama, na zitangazeni mapema. Siku nyingine zote, mwongozaji aache ile tabia ya kuongea huku ameuelekea ukuta anaonyesha picha. Wanaosoma midomo wanabaki na kisogo chake.

Na viti! Kule Uingereza nyumba nyingi za namna hii huweka koni la msonobari juu ya kiti cha kale, mgeni asikalie. Hila nzuri, hakuna kibao wala kelele. Ila kila penye kiti cha kutazama pawe na cha kukalia karibu, maana wazee hawaendi umbali huo wote wakasimama saa nzima.

Usingoje kikao kuanza kupima. Chukua tepu, upime milango yote ya chini ikiwa wazi, kutoka kwenye ubao wa mlango wenyewe mpaka fremu ya pili, si fremu kwa fremu. Pima na vizingiti. Niandikie namba hizo, nitakuambia mimi ningekwama wapi.

Halafu umesema kikao kiko kwenye ukumbi wa ghorofani na kwamba mwenyekiti angependa sana niwepo. Nijulishe mmekihamishia wapi.

Wako daima,
Swahiba wako