Barua kuhusu Bastola ya Shaba ya Griswoldville

Macon, Georgia
8 Machi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Barua yako nimeipata, nami nimefurahi kusikia kwamba karakana imeezekwa upya kabla ya masika. Uliniuliza kama ile bastola niliyokutumia picha yake imepakwa dhahabu. Haina hata chembe ya dhahabu. Hicho unachokiona kikimeta ni shaba, na sababu ya shaba kuwekwa mahali pale ndiyo iliyonifanya nikae chini nikuandikie kwa kirefu badala ya kukupigia simu.

Bastola ni ya jirani yangu, mzee wa miaka themanini na ushei, aliyeirithi kwa babu yake. Huitunza ndani ya kisanduku cha mbao ikiwa imeviringishwa kitambaa chenye mafuta, na kabla hajanikabidhi alinivalisha glavu za pamba, kwa kuwa jasho la vidole huanzisha kutu. Inazidi kilo moja kwa uzito. Mtutu wake wa mviringo una urefu wa karibu sentimita 19, silinda ina vyumba sita, na kiunzi kinachovishikilia vyote hivyo ni cha shaba yenye wekundu kidogo, ambayo pembe zake zimelainika kwa kushikwashikwa.

Namna inavyofanya kazi haitakusumbua, maana ulikua ukimwona marehemu baba akishindilia gobore lake. Kila chumba humiminiwa baruti na kuwekewa risasi ya duara, kisha mdeki uliofungwa chini ya mtutu huishindilia risasi hiyo hadi ndani. Nyuma ya kila chumba ipo chuchu ndogo ya chuma, nayo huvishwa fataki, kikofia kidogo kinachotoa cheche ya kuwasha baruti kinapogongwa na nyundo. Tofauti yake na gobore ni kwamba ukiivuta nyundo kwa kidole gumba, silinda huzunguka na kuleta chumba kingine mbele ya mtutu, hivyo askari alikuwa na mapigo sita kabla ya kuanza kushindilia upya. Wenye uzoefu walikuwa wakipaka mafuta mazito kwenye midomo ya vyumba, kwani moto wa chumba kimoja ukirukia vingine, silinda nzima ingeweza kulipuka mkononi.

Umbo hili lilibuniwa na Samuel Colt wa Hartford, Connecticut, na bastola yake ya mwaka 1851 ilitengenezwa kwa zaidi ya nakala 200,000, zote zikiwa na kiunzi cha chuma. Colt alipiga jina lake juu ya mtutu, na kwenye silinda akaamuru kuchorwa vita vya majini vya mwaka 1843 kati ya Texas na Meksiko. Kwenye bastola ya mzee nilitafuta jina, nikaigeuza kila upande chini ya taa, nisione kitu isipokuwa namba na herufi moja moja ndogo. Silinda nayo haina mchoro wowote. Lakini ukiisogeza karibu na macho, utaona mistari myembamba inayoizunguka kwa mshazari, kama nyuzi za kamba iliyosokotwa.

Mistari hiyo ndiyo iliyonisimulia habari yote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, viwanda vikubwa vya silaha vilikuwa Kaskazini, na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa yalijikuta na uhaba mkubwa wa bunduki. Hapa Georgia hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba gavana Joseph Brown aliagiza mikuki. Mmoja wa waliotengeneza mikuki hiyo alikuwa Samuel Griswold, mzaliwa wa Connecticut kama Colt, ambaye alihamia kusini akatajirika kwa kutengeneza mashine za kuchambulia pamba katika mji mdogo uliopewa jina lake, Griswoldville, mashariki ya Macon. Mwaka 1862 yeye na mwenzake Gunnison waliigeuza karakana ya mashine za pamba kuwa karakana ya bastola, wakaiga umbo la Colt. Chuma cha pua hakikupatikana cha kutosha, hivyo viunzi vikasubiwa kwa shaba. Silinda zilitokana na chuma cha kawaida, ambacho nyuzi zake hulala upande mmoja na hupasuka kwa kufuata nyuzi hizo. Ili baruti isiipasue silinda kwa urefu wake, chuma kilipashwa moto kikasokotwa kwanza, ndipo kikakerezwa. Wewe uliyeshika nyundo tangu utotoni unajua kazi hiyo inataka mkono wa namna gani.

Sasa nifike penye uzito. Mikono iliyosokota chuma kile, kwa sehemu kubwa sana, ilikuwa mikono ya watumwa. Mafundi wengi wa Griswold walikuwa watu weusi waliomilikiwa kama mashine zenyewe, nao ndio waliosubu, waliokereza na waliounganisha bastola zipatazo 3,700 kwa ajili ya jeshi lililopigana ili wao wabaki watumwa. Watu wanaokusanya silaha za kale huisifu shaba ile kwa uzuri wake, na kweli ni nzuri, lakini kila nikiitazama naona ustadi wa mtu asiyelipwa na ambaye hakuruhusiwa kuweka hata alama ya jina lake.

Pamba iliyochambuliwa kwa mashine za namna ile tuliivaa hata sisi, kwani merikani, kile kitambaa cha pamba kilichojaa Unguja enzi za masultani, ilifumwa Marekani kwa pamba ya Kusini, na vita hivi ndivyo vilivyoikatiza, vitambaa vya India na Uingereza vikachukua nafasi yake.

Kiwanda hakikudumu. Mwezi Novemba 1864 wapandafarasi wa jeshi la Jenerali Sherman wa Kaskazini walikiteketeza, na tarehe 22 ya mwezi huo huo wanamgambo wa Georgia, wengi wao wazee na vijana wadogo, walipigwa vibaya karibu na hapo. Mji haukujengwa tena. Mzee alinipeleka kwa gari lake. Tulisimama kando ya reli, kukiwa na misonobari na kimya, naye akavua kofia.

Ameniomba nikuulize swali la kifundi, baada ya kumweleza kwamba wewe husubu shaba. Shaba ni laini kuliko chuma, na kiunzi chake kimevutika kidogo kwa mapigo, hivyo kabari inayoshika mtutu imelegea. Anataka kujua kama alama ndogo za chembechembe zilizobaki upande wa ndani, ambako tupa haikufika, zinaonyesha kalibu ya mchanga. Nimeambatisha picha tatu za karibu. Zitazame kwa lenzi yako, kisha uniandikie unachokiona.

Rafiki yako wa siku zote.