Risala ya Walimu wa Kitengo cha Elimu Maalumu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wa Wilaya,
Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Mwalimu Mkuu, walimu wenzetu, wazazi na walezi,

Karibu sana Muheza. Umetukuta katikati ya masika, na matope uliyoyakanyaga getini ni zana yetu ya kufundishia. Tuna jambo moja la kukueleza: namna ya kumfundisha maneno ya misimu mtoto mwenye tatizo la lugha. Mwishoni tuna maombi.

Watoto hawa wanasikia, na hesabu ya gololi wanaijua. Kinachowashinda ni kuyashika maneno na kuyapanga. Utafiti uliofanyika Uingereza uliikuta hali hii kwa takriban watoto 7 kati ya 100 wanaoanza shule. Si uvivu, wala si udata, yaani ulimi uliofungwa kwa chini. Kukata udata hakumpi mtoto maneno.

Ndugu Mgeni Rasmi, msimu haushikiki mkononi. Ndiyo maana somo linaanza na kinachoshikika na kinachotendeka: tope, ndoo, mwavuli, kulowa, kuanika. Jina “masika” linakuja mwisho, mtoto akiwa tayari ana mambo ya kulivalisha. Ukianza na chati yenye misimu minne siku moja, ataiimba yote kwa mpangilio, kisha umuulize mvua inayonyesha dirishani ni ya msimu gani, anyamaze.

Maneno ni 6 kwa kila msimu. Utafiti mmoja wa Marekani kwa watoto wa aina hii uliona matokeo mazuri pale neno jipya liliposikika mara 36. Sisi tunazigawa: mara 6 katika kikao cha dakika 20, vikao 3 kwa wiki, kwa wiki 2. Kusema neno mara 36 siku moja ni kumchosha mtoto bure.

Uchaguzi wa maneno ndio unaoharibu au kuponya somo. “Vuli”, “kivuli” na “mwavuli” zinafanana masikioni, hivyo mwavuli tunaufundisha masika, kivuli kiangazi, na vuli inabaki peke yake hadi Oktoba. “Anika” na “anua” hazikai wiki moja, mtoto atazibadilishana. “Kupanda mti” tunaiepuka kabisa, kwani yeye anaona mtu juu ya tawi; tunasema “kupanda mbegu” na mbegu iko kiganjani. Tena kuna ngeli: mvua inanyesha, jua linawaka, upepo unavuma, matope yanateleza. Hapo kuna viambishi vinne tofauti, na kwa mtoto huyu kila kimoja ni mzigo. Kwa hiyo kila neno linabaki katika sentensi ile ile fupi wiki nzima ya kwanza.

Swali nalo lina namna yake. “Hali ya hewa ikoje?” ni pana mno. “Mvua inanyesha au jua linawaka?” linampa maneno ya kuchagua. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kusaidia. Walimu wengi hatufiki hata 3. Akisema “mvua nyesha”, jibu, “Ndiyo, mvua inanyesha,” uendelee. Usimlazimishe kurudia. Asiyetamka bado anaonyesha kadi: karatasi ya A4 iliyokatwa vipande vinne inatosha. Kadi za kupakua kwenye intaneti zina theluji na majani ya rangi ya dhahabu, tumeziacha. Kipupwe chetu kina sweta asubuhi na machungwa sokoni.

Kupima si kukaririsha. Mtoto achague picha sahihi kati ya nne, kisha alitumie neno mahali pengine, mfano nguo zilizolowa bombani badala ya mvuani. Tunarudia wiki moja baadaye, na tena baada ya wiki tatu.

Wazazi, maneno ya wiki yapo kwenye daftari la nyumbani. Yasemeni mkiwa mnaanika nguo au mnakinga maji. Mkizungumza Kisambaa au Kibondei nyumbani, endeleeni. Lugha mbili hazisababishi tatizo hili.

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Kwanza, turuhusiwe kuihamisha mada ya misimu katika azimio la kazi, yaani mpango wetu wa kufundisha wa mwaka, ili kiangazi kifundishwe shule zikifunguliwa Januari, masika Machi hadi Mei, kipupwe Julai na Agosti, na vuli Oktoba na Novemba. Kufundisha mvua wakati wa vumbi kunamtaka mtoto akumbuke asichokuwa na maneno nacho. Pili, kila mtoto apimwe usikivu kabla hatujasema ana tatizo la lugha, maana sikio linalotoa usaha linaweza kutudanganya. Tatu, mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha atutembelee angalau mara moja kwa muhula.

Tunaomba kuwasilisha.