Somo, puro zako ziko tayari

Vedado, Havana
Jumapili jioni

Somo yangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na mwanangu, ambaye ni mwanao pia, hajambo. Alivaa joho lake la udaktari wiki tatu zilizopita, nami nikalia mbele za watu kama mtoto. Hayo nitakusimulia tukikaa barazani. Leo nakuandikia habari za ule mzigo wako, zile puro ulizoniagiza, yaani sigara nene za jani tupu la tumbaku, maana najua nisipouanza mapema utaruka mistari.

Kwanza, ile hadithi yako ya melini, kwamba wasichana wa Kuba husokotea tumbaku mapajani, ni uongo mtupu. Nilimuuliza msokotaji mwenyewe, kwa aibu. Akagonga ubao wake kwa kisu, akasema: "Paja langu ni hili." Basi miaka thelathini umetudanganya, na sisi tulikaa tukakusikiliza.

Huyu msokotaji ni bibi wa umri wetu, pengine katupita kidogo. Alifanya kazi kiwandani miaka mingi kabla ya kupata meza pembeni ya duka moja la hapa mjini. (Kwetu ukisema "msokotaji" watu wataanza kutafuta polisi, huku ni fundi wa kuheshimiwa.) Mimi namwita Mama, mwanao anatafsiri huku amekunja uso, maana hajasoma miaka yote hii aje kumsaidia baba yake kuvuta moshi.

Uliniandikia: "Ianze kali, imalizikie laini." Mama aliposikia hivyo alicheka mpaka akaweka kisu chini. Puro, anasema, haijui kurudi nyuma. Moshi unapita kwenye tumbaku ambayo haijaungua bado na kuacha mafuta yake humo, kwa hiyo kadiri unavyokaribia mwisho ndivyo inavyozidi kukaza. Kama unataka laini mwishoni, uitupe mapema. Hivyo agizo lako la kwanza lilikufa siku hiyohiyo, usinilaumu.

Nilichojifunza ni kwamba kazi yote iko ndani, mahali usipopaona. Wenyewe wanapaita tripa, yaani utumbo. Utumbo una majani ya namna tatu, na yote yaweza kutoka mche mmoja. Tofauti ni jani lilikaa wapi. Ya chini wanayaita volado: hayana ladha kubwa ila yanashika moto. Ya kati ni seko, hayo ndiyo yenye harufu. Ya juu ni lihero, yamekunywa jua kuliko wenzake, manene, yana mafuta, makali, tena yanaungua polepole. Ndiyo maana lihero hulazwa katikati kabisa, kwani likikaa pembeni puro itaungua upande mmoja. Utumbo unafungwa kwa jani jingine gumu kidogo, halafu juu yake linavishwa kapa, neno lenye maana ya joho. Hilo la nje hulimwa Pinar del Río, mkoa wa magharibi mwa Kuba, chini ya mahema ya kitambaa, jua lisiligonge, litoke jembamba na laini kama hariri. Mabanda ya kukaushia tumbaku kule yameezekwa makuti, somo! Hawachomi kuni kama wanavyokausha Tabora. Wanayaning'iniza majani kwenye miti na kuiachia hewa kazi.

Ya kwanza aliyonisokotea ilikuwa robusto, milimita 124, nene kiasi cha kipimo chao cha 50. Unene wanaupima kwa sehemu ya 64 ya inchi, kwa hiyo 50 ni kama milimita 20. Mimi kwa ujeuri nikamwambia aongeze lihero, kwa kuwa nakujua wewe mtu wa chumba cha mashine. Nilifika nusu. Nikaona bahari ya Malecón, barabara ya ufukweni hapa Havana, inapanda ukutani, jasho likanitoka, mwanao akaninywesha maji ya sukari bila kusema neno. Hilo la kutosema neno ndilo lililoniuma.

Ya pili tulikwenda upande wa pili kabisa, ndefu nyembamba, urefu milimita 192, unene 38 kwa kipimo chao kilekile, umbo ambalo kiwandani linaitwa Laguito No. 1. Kwa macho ilipendeza mno. Ila haikuvutika, ilikuwa kama kunyonya uji kwa mrija. Mama aliichukua mdomoni mwangu, akaipasua kwa urefu kwa kile kisu chake cha mviringo, chaveta, akanionyesha jani lilipojikunja ndani na kuziba njia. Akaitupa kwenye kikapu. Hakutafuta kisingizio, ingawa siku ile umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na alikuwa akisokotea dirishani.

Hapo katikati zilipita nyingine nne au tano ambazo hazina cha kusimulia.

Iliyokubali ni ya urefu wa milimita 143, unene 46, inaitwa korona gorda. Majani mawili ya seko, moja la volado, na nusu jani tu la lihero. Nusu! Nilipomwambia somo yangu ni mtu wa kali, akasema ukali si sawa na ladha, na kwamba wengi wanaoagiza kali wanataka tu kuonekana wanaivuta. Sikumwambia mwanao amtafsirie kwamba amekujua bila kukuona. Inaanza na harufu ya mbao, katikati inakuja kitu kama kahawa iliyokaangwa majumbani kwetu, na mwisho pilipili manga. Inachukua karibu saa nzima.

Sasa jina. Hili ndilo lililotuchelewesha kuliko tumbaku yenyewe.

Orodha yako nilikwenda nayo. "Mzizima" hakuna aliyeweza kuitamka. "Nahodha" waliisoma "Naoda", kwani h kwao haina sauti. "Simba wa Tanga" Mama aliitikia kwa adabu, ile adabu ya mtu anayeonja mchuzi usio na chumvi. Mwanao alipendekeza "Kikohozi" na akasisitiza.

Nikamuuliza Mama wao hupataje majina. Akaniambia kiwandani kulikuwa na msomaji, mtu anayekaa juu ya kiti mbele ya meza zote na kuwasomea wasokotaji, asubuhi magazeti, baadaye riwaya. Desturi hiyo ilianza Havana mwaka 1865. Montecristo, chapa ya mwaka 1935, ilichukua jina lake kwenye riwaya ya Mfaransa Dumas ambayo wafanyakazi waliipenda kusomewa. Trinidad ni jina la mji wao. Cohiba ni neno la Wataíno, wenyeji waliokuwa hapa kabla ya Columbus, kwa tumbaku ya kwao. Vegas Robaina walimpa mkulima, Alejandro Robaina, mwaka 1997, wakati huo akiwa bado hai na analima. Kwa hiyo jina linatoka kwa watu, mahali au hadithi, na si lazima lieleze ladha.

Lakini lililonifurahisha ni hili: kila puro ina majina mawili. Kuna la kiwandani, la umbo, na kuna la dukani. Ile ndefu aliyoipenda Churchill, kiwandani ni Julieta No. 2 mpaka leo. Sokoni ndiyo Churchill. Nikaona hawa wenzetu, jina la nyumbani na jina la shule.

Basi wiki iliyopita tumekaa, Mama anamaliza zile hamsini, mimi na mwanao tunabishana kwa Kiswahili: somo hataki hili, somo atanicheka nikirudi na lile. Mama akanyamaza kidogo, akamuuliza mwanao: "Kwa nini baba yako kila mara anasema 'sisi ni, sisi ni', halafu hamalizi?"

Hatukuelewa. Kumbe watu wa hapa humeza s ya mwisho. Neno lao *somos*, maana yake "sisi ni", midomoni mwao linatoka "somo" kamili, kama tunavyolisema sisi. Wiki tano nzima yule mama alikuwa akinisikia nikianza sentensi nisiyoifikisha popote!

Ikabidi tumweleze. Kwamba somo ni mtu mliyepewa jina moja, kwamba mimi na wewe tumeitwa pamoja na mama zetu tangu utotoni na kuitikia pamoja, na kupigwa pamoja kwa kosa la mmoja. Aliuliza maswali mengi. Alitaka kujua kama somo akifa jina linabaki na nani. Mwishoni akainua chaveta akagonga ubao mara tatu. Mwanao akaniambia baadaye kwamba kiwandani hivyo ndivyo wanavyompigia makofi msomaji, kwa kuwa mikono ina kazi.

Kwa hiyo zinaitwa Somo. Hukuulizwa, samahani.

Hazina pete ya karatasi wala sanduku lenye nembo. Za kuagiza kwa mtu huja tupu. Zimefungwa fungu moja kwa utepe, fungu la hamsini wanaliita nusu gurudumu. Nikifika nitakukabidhi mkononi, lakini sikiliza vizuri. Hewa ya Tanga ina maji mengi mno kwa vitu hivi. Zinataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70, zaidi ya hapo zinaota kuvu. Tafuta kisanduku cha mbao kinachofunga vizuri, lakini kisiwe kile kilichowekwa karafuu. Na joto likizidi, mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa, akatoboa kama fukusi wa mahindi. Kwa hiyo siku ya kwanza zitie kwenye mfuko usiopitisha hewa, ziweke friza siku tatu, kisha zihamishie friji siku moja ndipo uzitoe. Shemeji akilalamika kuhusu nafasi ya samaki, niachie mimi.

Wala usizivute mara moja. Mbichi hivi bado zinachacha ndani na zina harufu ya amonia kwa mbali. Zipe miezi sita. Najua hutazipa, lakini nimesema.

Mama ameandika jina kwa kalamu kwenye utepe, kwa herufi kubwa: SOMOS 50. Sikumsahihisha hiyo s. Hiyo 50 ndiyo si kweli. Ukihesabu utakuta 49, usimtilie shaka yeyote wa forodhani. Moja tuliigawana mimi na Mama jana, mlangoni, umeme ukiwa umekatika.

Tutaonana mwezi ujao, Inshallah.

Mimi, somo yako